Shamba jipya: mwaka wetu wa kwanza, machozi yake na mboga zake



Siku ya posho iliyopita tulirudi kutoka shambani tukiwa 14, na vikapu 14 vichwani. Kulikuwa na lengalenga, matembele, nyanya, matungulu mabichi na maharagi machache ya kwanza. Hakuna mama aliyerudi mikono mitupu. Tulipofika kwenye ule mwembe ulio kando ya njia, mmoja wetu akasimama, akaanza kucheka peke yake. Tukamwuliza kuna nini. Akajibu: "Mmesahau? Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, tulikaa hapa hapa tukilia."

Hatukusahau. Na kwa kuwa vikundi vingine hapa Kolwezi vimetuuliza namna ya kuanza shamba la pamoja, tumeona vema juma hili tuwaandikie habari yetu tangu mwanzo: yale tuliyokosea, yale tuliyojifunza, na yale tuliyovuna.

KWA NINI TULITAKA SHAMBA

Kwetu Katanga siku ya sita ya juma tunaiita siku ya posho. Watoto wanaitamka kila juma bila kujua ilikotoka. Wazee wetu wanajua: ni siku ambayo kampuni ya Union Minière iliwagawia wafanyakazi chakula chao cha juma. Kolwezi yenyewe ilianzishwa na kampuni hiyo mwaka 1937, na kwa miaka mingi chakula cha nyumba nyingi kilitoka kwa kampuni. Hata wakati wa Gécamines, gunia la unga liliendelea kufika mlangoni. Halafu mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwezi wa tisa 1990, mishahara ikaanza kukawia, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakatolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Siku ya posho ilibaki jina tu.

Wakati ule mama zetu wengi walishika jembe. Sisi watoto wao tulikuja kulisahau, tukategemea soko. Lakini sehemu kubwa ya mahindi na unga tunaokula inatoka Zambia. Zambia ikizuia unga usitoke, bei ya meka moja hapa inapanda, kama tulivyoona 2023. Wakati ule kuna nyumba za kartie yetu zilizopika bukari mara moja kwa siku.

Ndipo tuliposema katika mkutano: unga hatuwezi kuupata wote kwa jembe letu, lakini angalau mboga ya kulia bukari isitushinde. Tukabadilisha likelemba yetu. Badala ya kumpa mama mmoja mfuko wote kila mwezi, kila mama alitoa faranga 15,000 kwa miezi sita, na fedha zote zikakaa pamoja. Zikafika faranga 1,260,000. Hizo ndizo zilizokuwa tumaini letu. Kwa hiyo mtaelewa machozi yale yalikuwa ya nini.

KARATASI KABLA YA JEMBE

Shamba la kwanza tulilooneshwa lilikuwa zuri sana. Lilikuwa karibu na barabara, udongo mwekundu, na bei ndogo. Mwenyewe alitaka fedha zote siku ile ile. Mama wa mapacha, ambaye kati yetu ndiye mwenye maswali mengi, akamwuliza: "Papa, nani alilima hapa mbele yako, na mbona aliacha?" Mtu yule akakasirika. Tukamshukuru, tukaondoka, tukaenda kuuliza majirani wa pale. Wakatuambia kwamba mahali hapo pamo ndani ya eneo ambalo kampuni ya madini imekwisha kupewa, na alama za mipaka zipo majanini.

Wamama, hili mlishike vizuri. Tangu sheria ya 1973, ardhi ya nchi yetu ni mali ya Serikali. Mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Na vibali vya migodi vinaandikishwa na kadastri ya migodi, ile inayoitwa CAMI, ambayo inaweka ramani zake. Unaweza kulima juu ya ardhi yenye kibali cha mgodi bila kujua. Siku mashine zinapofika, mwenye neno la mdomo tu hana la kusema.

Shamba la pili tulilipata upande wa barabara ya Nzilo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwetu. Ni kama meta 50 kwa 50. Safari hii tulifanya mambo manne kabla ya kutoa faranga hata moja. Tulimwona shefu wa kijiji. Tuliongea na majirani wa pande zote nne. Tulimwomba kijana mmoja anayejua kutumia kompyuta atuangalilie ramani ya vibali. Na tuliandika mkataba wa miaka mitatu, si mmoja, wenye majina yetu yote 14 na mashahidi wawili. Jina la mama mmoja peke yake halitoshi, kwa sababu akihama au akifariki, shamba linageuka kuwa la jamaa yake.

Kuna mama waliogopa kutia sahihi bila bwana. Tuwakumbushe: Kanuni ya Jamaa ilibadilishwa mwaka 2016, na ile ruhusa ya mume iliyokuwa inadaiwa kwa mke tu ikaondolewa. Sasa sheria inawataka mume na mke wote wawili wapatane. Kwa hiyo tulirudi nyumbani, kila mmoja akaongea na bwana wake. Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini tulipatana. Mabwana watatu walikuja hata kutusaidia kung'oa visiki.

UDONGO UNAOSEMA KWA MAUA

Sehemu ya juu ya shamba ilikuwa na majani marefu na visiki vya miti. Sehemu ya chini, karibu na kijito, haikuwa na mti hata mmoja. Sisi tukafurahi! Tukasema: hapa hakuna visiki, na maji yako karibu, tuanzie hapa. Papa mmoja mzee aliyefanya kazi miaka mingi Gécamines alipita akatuona, akasema: "Wanangu, mahali ambapo mti umekataa kuota, ulizeni kwanza kwa nini umekataa." Tukamwitikia kwa heshima, tukaendelea kulima.

Baadaye ndipo tulipoelewa. Katika mkoa wetu wa Lualaba na kule Haut-Katanga kuna vilima na mabonde ambayo udongo wake una shaba nyingi sana. Miti ya msitu haiwezi kuishi hapo, ila majani na maua machache yaliyozoea. Mmoja wao ni mmea mdogo wenye maua ya rangi ya samawati, ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, na watu wengi wanauita ua la shaba. Unaota hata mahali ambapo watu wa zamani waliyeyusha shaba. Wachimbaji wanauona wanafurahi. Mlimaji akiuona asimamishe jembe lake kwanza.

Tena kuna udongo ambao haukuzaliwa na shaba bali uliletewa: vumbi la malori, maji yanayotoka mahali wanapooshea mawe, takataka za viwanda. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa uchunguzi wao juu ya Kasulo, kartie yetu ya hapa Kolwezi ambapo watu walianza kuchimba kobalti kati ya nyumba mwaka 2014. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji, na watoto ndio waliokuwa na nyingi kuliko wote. Inaingia kwa vumbi, na inaweza kuingia kwa chakula pia, hasa mboga za majani.

LENGALENGA ZA NJANO

Tulipanda lengalenga na shu sehemu zote mbili mvua ya kwanza ilipotulia, mwezi wa kumi na moja. Za juu zilikuwa nyembamba lakini zilisimama. Za chini zilipofika urefu wa kiganja zikaanza kuwa za njano, mishipa ya majani imebaki kijani, katikati pamepauka. Mbegu nyingi zilikuwa zimeingia huku chini, na samadi ya kuku tuliyoinunua vilevile.

Tulimwita binti mmoja wa kartie yetu aliyesomea kilimo Lubumbashi. Alikuja na pikipiki, akapiga magoti, akachimba kwa kidole. Akatuambia: "Mama zangu, rangi ya njano ina sababu nyingi. Udongo unaweza kuwa na njaa, unaweza kuwa mchungu, unaweza kuwa na shaba nyingi. Kwa macho tu siwezi kuwahakikishia. Ni maabara tu." Akatufundisha jambo moja jepesi: tuchague mstari mmoja juu na mmoja chini, tuitilie samadi iliyooza vizuri, tungoje majuma mawili. Mstari wa juu ulirudia ukijani. Wa chini haukubadilika.

Siku hiyo ndiyo tuliyokaa chini ya mwembe. Na tulikaa hapo tukigombana, tusifiche. Katika sehemu ya chini kulikuwa na mafungu ambayo yalikuwa yamekua kiasi. Mama mmoja akasema: "Tuyauze sokoni. Tuoshe vizuri, turudishe angalau fedha ya mbegu. Nani atajua?" Wengine wakanyamaza, kwa sababu wote tulikuwa na deni. Mimi na wewe tungejibu nini? Fedha za miezi sita zilikuwa zimeishia udongoni, na Noeli imekaribia.

Aliyejibu ni mama mwenye mtoto mdogo kuliko wote, amembeba mgongoni. Alisema: "Yaya, mimi mboga nanunua soko lile lile. Ukiuza kule, nitazinunua mimi." Hakusema zaidi.

Tuling'oa zote. Tulizifukia huko huko chini. Kuosha mboga kunaondoa vumbi lililo juu ya jani, lakini hakuondoi kitu kilichopanda ndani ya jani kutoka kwenye mizizi. Hatukuwa na cheti cha maabara kinachosema zilikuwa mbaya. Lakini hatukuwa nacho pia kinachosema zilikuwa nzuri, na wanaokula ni watoto. Wawili kati yetu walitoka kikundini juma lile. Hatuwalaumu. Mmoja alirudi mwezi wa tatu, na nafasi ya mwingine imechukuliwa na mama mpya.

KUANZA UPYA, JUU

Tulikubali kuacha karibu theluthi moja ya shamba. Sehemu ile ya chini hatupandi chakula tena. Tumeiachia majani yashike udongo usipeperuke, na juu yake tumepanda safu ya miti. Kwa kweli inauma kulipia ardhi usiyoilima. Lakini tumekwisha kuzoea kusema: ile ni sehemu ya kulinda nyingine.

Sehemu ya juu tulianza kuilisha. Udongo wetu mwekundu wa Katanga, hata usio na shaba, kwa kawaida ni mchungu na mvua zimeushua chumvi zake. Tulichimba mashimo mawili ya mboji, tukatia majani, maganda ya mihogo na viazi, samadi ya kuku na mbuzi, na majivu ya kuni kidogo kidogo. Tunageuza kila majuma mawili. Ikiwa bado inanuka au ina moto, haijawa tayari. Tulijifunza hilo kwa kuunguza nyanya 30.

Tulitumia pia udongo wa kichuguu, kama bibi zetu walivyofanya. Vichuguu vikubwa vya kwetu mara nyingi vina udongo usio mchungu na wenye chokaa ya asili. Lakini angalisho: mchwa wanapandisha udongo kutoka chini sana. Kichuguu kilicho karibu na mahali pa shaba kinaweza kupandisha shaba pia. Sisi tulichukua cha upande wa msitu, penye miti mikubwa.

Walio karibu na Likasi wanaweza kupata chokaa. Wataalamu wa kilimo wa Lubumbashi wamefanya majaribio mengi ya kutia chokaa na mboji katika udongo wenye madini. Chokaa haiondoi shaba. Inaifunga tu isipande kirahisi kwenye mmea. Msiitumie kama ruhusa ya kulima popote. Na chokaa kali inaunguza ngozi na macho, watoto wasiishike.

KISIMA CHA VIJANA WETU

Maji ya kijito hatuyaamini, kwa sababu huko juu yanakotoka watu wanaosha mawe. Miezi ya mvua hatukuhangaika. Mvua ilipokatika mwezi wa nne, tulikuwa na chaguo moja: kuchimba kisima, au kufunga shamba mpaka mwezi wa kumi.

Hapa Mungu alitusaidia kwa njia ambayo hatukuiwaza. Vijana wetu wengi wanachimba mashimo ya kobalti. Tunalala macho kwa ajili yao. Kila mama wa Kolwezi anajua ile hofu ya kusikia kwamba shimo limeangukia watu. Basi vijana wanne, watoto wa kikundi, walisema: "Mama, sisi kazi ya shimo tunaijua." Walichimba mwezi wa sita, siku tano, meta 9, wakajenga mdomo wake kwa matofali ya kuchoma na kifuniko chenye kufuli ili mtoto asitumbukie. Tuliwalipa, maana kazi ni kazi, hata ya mtoto wako. Mmoja wao alisema ni shimo la kwanza alilochimba ambalo mama yake alikuja kulitazama.

Walituonya pia: maji yanashuka zaidi mwezi wa tisa na wa kumi. Kisima kikionekana kimejaa wakati wa mvua, kinakudanganya. Mwezi wa kumi watarudi kuongeza meta moja.

TULICHOPATA

Tuanze na chungu. Tangu mwezi wa saba kila mama anapeleka nyumbani mboga ya kutosha siku tatu au nne za juma. Inayobaki tunaiuza, na fedha inarudi katika mfuko. Mfuko haujafika pale ulipokuwa mwanzoni, tuseme ukweli, lakini tumekwisha kulipa kodi ya mwaka wa pili. Shule ya msingi ya Serikali ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari si bure, na mwezi ujao mama watatu watalipa mwanzo wa minervali ya watoto wao kwa fedha ya matungulu.

Tumepata pia utaratibu. Hatuendi wote kila siku. Tuko katika zamu za watu wanne. Siku ya posho tu ndiyo tunakuwa wote, na watoto wakubwa wanakuja. Tumekubaliana kwamba hakuna binti atakayekosa shule kwa sababu ya zamu ya mama yake. Mama mjamzito hachoti maji. Mama mwenye mtoto mchanga anabaki kitaluni penye kivuli.

Na tumepata kitu kisichopimwa kwa meka. Zamani tulikutana kwa likelemba: unatoa fedha, unapokea fedha, kwaheri. Sasa tunajuana. Mama mmoja alifiwa mwezi wa tano, na mstari wake wa nyanya haukukauka hata siku moja. Hatukupanga. Kila aliyepita aliumwagia maji.

ULIZENI HAYA KABLA YA KUKUBALI SHAMBA

1. Nani alilima hapa mbele yetu, na kwa nini aliacha?
2. Je, mahali hapa pamo ndani ya kibali cha mgodi? Ramani inasema nini, na majirani wanasema nini?
3. Mkataba ni wa miaka mingapi, na majina ya nani yamo? Msikubali chini ya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unaliwa na udongo.
4. Miti inaota? Kama haioti, kuna maua gani?
5. Maji yanatoka wapi, na yanapita wapi kabla ya kufika?
6. Upepo wa kiangazi unatoka upande gani, na huko kuna barabara ya malori au kiwanda?
7. Mkianza, mtajaribu kipande kidogo kwanza? Sisi tulitupa mbegu zote siku moja. Msitufuate.

Siku ya posho ijayo tutakuwa shambani tangu saa moja asubuhi. Kikundi chochote kinachotaka kuona mboji, kisima na hata ile sehemu tuliyoiacha, kije. Tutawapa miche ya nyanya na mbegu za lengalenga tulizozikausha wenyewe. Mje na kikapu, na kama mnayo samadi ya mbuzi, mtulete mfuko mmoja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Karibuni.